Jumuiya Isiyokufa Msimu wa Korosho: Hatua kwa Hatua

Tumsifu Yesu Kristo.

Kila mwaka ikifika Oktoba, huku kwetu chini ya uwanda wa Makonde, jumuiya nyingi, yaani vikundi vya majirani Wakristo wanaosali pamoja majumbani, hulala usingizi. Watu hawajagombana, imani yao ipo, ila korosho zimeanza kudondoka. Mama yuko shambani, baba yuko shambani, watoto wakitoka shule wanapitiliza hukohuko, na ile Alhamisi ya saa kumi jioni iliyopangwa mwezi wa pili hakuna anayeikumbuka isipokuwa katibu na mwenye nyumba aliyetandika mkeka bure. Januari tunakutana kanisani tunaulizana, "Kumbe upo?" Jirani wa nyumba tatu!

Nimekuwa katibu wa jumuiya kwa vipindi viwili, na mwenyekiti kwa kimoja. Ninayoandika ni yale yaliyotuvusha misimu. Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo nitasema jumuiya, kigango (kanisa dogo chini ya parokia), katekista (mwalimu wa dini). Ndugu zangu wa KKKT (Walutheri) na Anglikana, ambao nao hukutana majumbani, watabadilisha majina. Kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Anza na watu wa nyumbani mwako

Kabla hujaita watu wa nje, sali na wa ndani kwa mwezi mzima. Kiongozi wa jumuiya ambaye watoto wake hawajawahi kumsikia akisali hujulikana haraka, maana watoto hawafichi.

Dakika kumi zinatosha, mara tu baada ya kula usiku, sahani zikiwa bado chini. Ukingoja vyombo vioshwe na kila mtu aoge, wadogo watakuwa wamelala na baba ameshatoka kwenda barazani. Ishara ya msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, kisha kila mmoja aseme jambo moja la siku hiyo la kumshukuru Mungu au kumwomba. Mdogo kuliko wote aanze. Siku ya kwanza watasema "nashukuru kwa chakula" wote kwa zamu, kama kasuku. Usiwakosoe. Wiki ya tatu mmoja atasema jambo ambalo hukulijua kabisa kuhusu shule yake, na hapo utaona faida.

Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inasema maneno ya Mungu yanenwe uketipo nyumbani na utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Kwetu "njiani" ni njia ya shamba. Saa sita mchana, mkikaa chini ya mkorosho kula mihogo, sala ya Malaika wa Bwana inasaliwa hapohapo na mikono yenye vumbi.

Hatua ya 2: Hesabu nyumba kwa miguu

Usipange jumuiya kwa orodha ya parokia peke yake. Tembea. Nyumba nane hadi kumi na tano ni kiasi kizuri. Zikizidi ishirini, watu wa mwisho hawatazungumza kamwe. Kipimo changu ni hiki: bibi mwenye fimbo aweze kufika na kurudi kwake kabla giza halijaingia. Kama hawezi, hiyo ni jumuiya mbili.

Mweleze katekista mapema, naye atampelekea paroko. Jumuiya si kikundi chako binafsi, hata kama mkeka ni wako. Kisha mchague somo wenu, yaani mtakatifu msimamizi. Hapa nina ushauri ambao wengine huuona wa kidunia: tazama tarehe ya sikukuu yake. Sisi tuna Mtakatifu Benedikto, tarehe 11 Julai, chakula kipo ghalani na watu wapo nyumbani. Jumuiya ya jirani ina somo wa Novemba, na kila mwaka wanasherehekea wakiwa watano, watatu kati yao wakiwa wapishi.

Kuna wanaodhani kukutana majumbani ni mtindo mpya ulioletwa na semina. Ni kweli kwamba maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizitia mkazo Jumuiya Ndogo Ndogo katika miaka ya 1970, hasa mkutano wa 1976. Lakini Kusini ina sababu yake ya zamani zaidi. Mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipofika huku, misheni za Lukuledi na Nyangao ziliharibiwa, na Askofu Cassian Spiss aliuawa akiwa safarini kuelekea Liwale. Mwaka 1906 Wabenediktini wakaanza upya Ndanda. Haikupita miaka mingi, ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa nchini. Mara mbili ndani ya miaka ishirini, Mkristo wa huku aliamka akakuta padri hayupo. Alikuwa na jirani tu, na Baba Yetu aliyoishika kichwani.

Hatua ya 3: Weka kalenda ya Kanisa na kalenda ya shamba mezani pamoja

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka. Kosa letu ni kupanga siku moja na saa moja kwa mwaka mzima, kama ofisi. Mkulima wa Mtwara na Lindi hana mwaka wa namna hiyo. Kaeni Januari, wanawake wawepo kwa wingi maana wao ndio wanaojua saa za nyumba, mgawanye mwaka hivi.

Januari hadi Aprili ni mvua na palizi. Njia zina tope na jua linawahi kufichwa na mawingu. Kwaresima huangukia humo, kwa hiyo tunatumia Ijumaa: Njia ya Msalaba kigangoni, na jumuiya inakutana palepale baada yake badala ya kuitana tena siku nyingine. Mtu mmoja alilalamika kwamba huko ni kuunganisha mambo. Ndiyo, tumeyaunganisha, na wamekuja.

Mei hadi Julai ni mavuno, na ni wakati wa ufuta, hasa kwa ndugu zetu wa Lindi. Mei ni mwezi wa Bikira Maria, na jioni zake ni nzuri. Ila Juni ikifika, angalieni salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Wanaopuliza mikorosho hutoka alfajiri sana, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande, na wakirudi macho ni mekundu, hawataki kuongea na mtu. Msipange kikao cha asubuhi. Jioni, tena nyumba yenye maji ya kunawa.

Likizo ya Juni na ya Desemba watoto wetu wengi huingia jandoni na unyagoni. Jumuiya inayonyamaza kuhusu hilo inajidanganya. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Anglikana wa Masasi tangu 1926, alijulikana kwa kujaribu kuifanya jando iwe na sura ya Kikristo, na watu bado wanabishana kama alipatia. Nyie zungumzeni tu Mei: mtoto wa nani anaingia, nani atakuwa mlezi wake, atasali vipi akiwa huko, atarudi lini katika mafundisho ya komunyo.

Agosti na Septemba ni ukame na mifuko mitupu. Kukutana ni rahisi, kuishi ni kugumu. Nitarudi hapo kwenye fedha.

Oktoba hadi Desemba ndiyo mtihani. Rozari ya Oktoba na Majilio yote yanaangukia humo, na korosho haingoji mtu. Ikilala chini na mvua ikainyeshea, daraja linashuka na bei inaondoka nalo. Tulivyofanya sisi ni kuacha kabisa kikao cha jioni. Tunakutana saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenye nyumba iliyo njia panda ya kwenda mashambani, ndoo na vikapu vikiwa nje ukutani. Wimbo mmoja, Injili ya Jumapili inayokuja, fungu moja la rozari, matangazo mawili, basi. Dakika ishirini. Tunaondoka pamoja tukiwa bado tunaimba, na mafungu mengine kila mtu anamalizia njiani au akiokota. Mwaka wa kwanza tulikuja sita. Tangu tuhamie alfajiri, Novemba yetu haijawahi kuwa chini ya hapo, na wanaume wanakuja wengi kuliko jioni, jambo ambalo hadi leo silielewi vizuri.

Wanaolala kwenye vibanda vya shamba msiwahesabu kuwa watoro. Vibanda vitatu vilivyo karibu ni tawi. Katibu anaandika masomo ya mwezi kwenye karatasi, au anatuma ujumbe mfupi wa kawaida, ambao hufika hata kwenye simu ya tochi. Kikundi cha WhatsApp ni kizuri kwa vijana walioko Mtwara mjini na Dar, ila kwa aliye shambani bila umeme ni mapambo.

Hatua ya 4: Endesha kikao chenyewe

Kikao cha kawaida kisizidi saa moja. Anzeni kwa saa mliyosema, hata mkiwa wanne, la sivyo wanaowahi watajifunza kuchelewa.

Msomaji ajulishwe wiki nzima kabla, asome nyumbani kwa sauti. Injili isomwe mara mbili, na mara ya pili asome mtu mwingine, kwa kuwa sauti ya mama na sauti ya kijana huamsha mambo tofauti. Halafu mnyamaze. Dakika mbili za kweli. Mwanzoni watu watakohoa na kutengeneza khanga zao; vumilieni. Kisha kila anayetaka arudie neno au sentensi iliyomgusa, bila maelezo. Hii inawapa nafasi wasiojua kusoma, maana wao wameshika kwa sikio na mara nyingi wameshika vizuri kutuzidi.

Baadaye ulizeni maswali mawili tu: neno hili linatudai nini wiki hii, na nani kati yetu au jirani zetu ana shida tunayoweza kuibeba? Swali la pili lizae jina na siku. "Tutamtembelea mama fulani" haitoshi. "Jumanne asubuhi, wawili, na dumu la maji" inatosha.

Mwenyekiti asihubiri, na katekista akiwepo akae kwenye mkeka kama wengine. Nasema haya kwa upendo, nikijua nilivyokuwa naongea mimi mwenyewe kipindi cha kwanza, hadi shangazi mmoja akaniambia mbele ya watu, "Mwanangu, Yesu ameshamaliza, wewe bado."

Nyimbo za lugha ya nyumbani na vigelegele viwepo. Kama kuna mwenye ngoma, akae karibu na mlango.

Hatua ya 5: Fedha zikae sehemu yake

Jumuiya niliyokulia, sitaitaja, iliuawa na michango. Kila kikao kilianza na wimbo kikaishia na orodha: ujenzi, mavuno, mgeni, sare. Majina yalisomwa kwa sauti, na ambaye hajatoa alisomwa kwa sauti zaidi. Mama mmoja mjane alianza kuchelewa ili afike orodha ikiwa imepita, kisha akaacha kabisa. Hakuna aliyemfuata. Mimi pia sikumfuata.

Kwa hiyo kwetu sadaka ya jumuiya hutolewa kwenye kikapu kilichofunikwa, na michango ya kigango inasomwa mara moja kwa mwezi kwa jumla, bila majina. Mtunza hazina anaandika kwenye daftari, na daftari linakaguliwa na watu wawili kila miezi mitatu. Vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, viendeshwe siku nyingine na nyumba nyingine. Mkivichanganya, asiye na hisa atajiona hana na sala.

Sasa kuhusu Agosti. Kila mtu wa huku anaijua kangomba. Mtoto anaugua au shule inadai, mfukoni hakuna kitu, anakuja mtu na fedha taslimu, ananunua korosho zako zikiwa bado maua, kwa bei ya kukutoa machozi. Ikifika Oktoba unaokota mali ya mwingine. Serikali inakataza, vyama vya msingi vya ushirika vinakataza, na inaendelea kwa sababu shida ya Agosti haisubiri mnada wa korosho.

Jumuiya yetu ilianza kidogo sana. Baada ya malipo ya mnada, kila nyumba inayoweza inaweka kiasi kwenye mfuko wa Agosti, anayeweza kingi aweke kingi, asiyeweza aache. Mfuko haugusiki hadi Julai. Kuanzia hapo mwenye shida ya ugonjwa au ya shule anakopa bila riba, anarudisha akilipwa korosho. Wanaoamua ni watatu, na hawatangazi jina la aliyekopa. Haujatosha watu wote hata mwaka mmoja. Lakini wapo waliookota korosho zao wenyewe kwa sababu yake, na siku hiyo walipokuja alfajiri kusali walisali kwa namna nyingine. Paulo aliwaandikia Wagalatia wachukuliane mizigo. Gunia la korosho ni mzigo unaopimika kwa kilo.

Onyo: wekeni kanuni kwenye karatasi kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Mkikopeshana kwa mdomo, mtapoteza fedha na ndugu.

Hatua ya 6: Mgonjwa na msiba

Ukienda kwa mgonjwa, nenda na mwenzako, kaa robo saa, sali kwa ufupi, ondoka. Usitoe hadithi ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa huohuo. Kwa wenzetu wa juu ya uwanda, Newala na Tandahimba, ambako maji ni taabu, dumu moja lililojaa ni bora kuliko soda mbili. Kama amelazwa hospitali ya Ndanda au ya Ligula, muuguzaji ndiye anayesahaulika: mpelekeeni chakula, mmoja ambadilishe zamu usiku mmoja alale.

Mpako wa wagonjwa usingoje hadi pumzi ya mwisho. Watu bado wanaogopa, wanaona padri akija ni kama ametumwa na sanda. Yakobo sura ya 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta; yeye mwenyewe aite, maana yake angali na nguvu za kuita.

Kwenye msiba, katibu agawe kazi saa ya kwanza: kuni, maji, turubai, mikeka, kumpigia katekista. Sala ya jioni kwa siku zote za matanga. Na mkirudi nyumbani msiishie hapo. Siku ya arobaini wengi hukumbuka; mwezi wa nne, nyumba ikiwa kimya, ndipo mfiwa anapohitaji hodi.

Hatua ya 7: Jirani Mwislamu

Mkoani Mtwara na Lindi huwezi kuongelea ushirika wa Wakristo ukamwacha Mwislamu, kwa kuwa ni shemeji yako, ni mjomba wako, na pengine ndiye mwenye uwanja mnaoukalia. Msiweke kipaza sauti kwenye kikao cha nyumba. Watu kumi na wawili wanasikiana. Adhana ikianza mkiwa mnaimba, malizeni ubeti mnyamaze kidogo. Mwezi wa Ramadhani, chai ya jumuiya inyweni ndani. Iddi nendeni, Krismasi waiteni, na nyama achinje yeye ili mle wote.

Wapo miongoni mwetu walioolewa au waliooa nje ya Ukristo na wanaona haya kuja. Usiwaulize maswali ya ndoa mlangoni. Hayo ni ya padri. Wewe mpe mkeka.

Hatua ya 8: Siku mtakapokuja wawili

Itafika. Mvua, mnada, mechi ya Simba na Yanga, lolote. Mtakaa wewe na mwenye nyumba mkitazamana. Msiahirishe. Mathayo 18:20 iliandikwa kwa ajili ya jioni kama hiyo, wawili watatu, na nyie mmetimia. Someni Injili mara mbili kama kawaida, nyamazeni, ombeni kwa majina ya wote ambao hawapo, nyumba kwa nyumba, mkifuata njia.

Kesho yake zunguka. Usiseme "mbona hukuja?" Swali hilo limefunga milango mingi. Piga hodi, ulizia hali, sikiliza, na ukiona kuna korosho zimetandazwa uani chuchumaa uchambue naye kidogo, mbovu huku, nzuri huku. Ukiwa unainuka, sema, "Jana tulikuombea. Wiki ijayo tupo kwa mama yule pale kwenye mwembe, alfajiri." Halafu nenda nyumba inayofuata.